Nani Anadaiwa Ahadi? Sauti ya Mashine, Mtoto na Sikukuu Jijini Kampala

Miongoni mwa maswali ambayo akili mnemba, yaani mifumo ya kompyuta inayotoa majibu yanayofanana na ya binadamu, imeyaleta mbele ya wanafalsafa na wanazuoni wa dini, limo moja linaloonekana dogo kwa sababu linahusu watoto na siku za furaha. Je, inajuzu kumfungulia mtoto laini ya simu ambayo, apigapo wakati wa Krismasi au Idi, ataitikiwa na sauti ya upole inayomwita kwa jina lake na kumtajia mema yanayomngoja, ilhali upande wa pili hakuna mtu? Na ikiwa inajuzu, laini hiyo ipimwe kwa kipimo gani kabla ya kukabidhiwa watoto? Dai la insha hii ni kwamba vipimo ambavyo wahandisi wamevizoea, kama vile ufasaha wa lugha, wepesi wa kujibu na usalama wa maneno, ni vya lazima lakini vinapita kando ya swali lenyewe, kwa kuwa swali lenyewe ni la dhamana: neno la kheri analoambiwa mtoto ni deni, na deni lisilo na mdaiwa ni hadaa hata likitamkwa kwa lugha tamu.

Desturi ya kumpa mtoto sauti ya sikukuu kwa njia ya simu ni kongwe kuliko mashine zinazojibu. Kwa mujibu wa masimulizi yanayohifadhiwa na NORAD, kamandi ya pamoja ya Marekani na Kanada inayolinda anga, mnamo Desemba 1955 tangazo la duka la Sears katika mji wa Colorado Springs lilichapishwa likiwa na nambari ya simu isiyo sahihi, na mtoto aliyetaka kusema na Baba Krismasi akaangukia kwa Kanali Harry Shoup, ofisa wa zamu katika kituo kilichokuwa kikingojea habari za mashambulizi ya Wasovieti. NORAD ilipoundwa mwaka 1958 iliirithi desturi hiyo, na hadi leo kila mkesha wa Krismasi watu wa kujitolea huketi kwenye simu kuwajibu watoto. Hatua nyingine ilipigwa Desemba 2024, pale kampuni ya OpenAI ilipoongeza sauti ya Baba Krismasi katika programu yake ya ChatGPT, na katika mwezi huohuo ikafungua nambari ya simu ya kawaida nchini Marekani ambayo mtu angeweza kuipiga na kuzungumza na mashine bila kuhitaji intaneti. Kati ya hatua hizo mbili maneno hayakubadilika sana, ila msemaji ndiye aliyeondoka. Kanali yule, hata kama aliyoyasema hayakuwa kweli, alijua kwamba anasema na mtoto, angeweza kusikia kilio na kubadili maneno, na siku ya pili yake angeweza kuulizwa alisema nini na kwa sababu gani.

Jijini Kampala swali hili si la mbali, kwa kuwa vipande vyote vya laini ya namna hiyo vimekwisha kuwepo na kinachosubiriwa ni mtu wa kuviunganisha. Kwanza, mazoea ya mtoto kupiga simu kutafuta msaada yapo: tangu mwaka 2014 laini ya bure ya Sauti 116, iliyo chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, hupokea simu za watoto na za wanaowatetea, ambapo mshauri husikiliza, huandika, na shauri likihitaji hatua hulipeleka kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya inayohusika. Kenya na Tanzania nazo zina laini za watoto zinazotumia nambari hiyohiyo ya 116. Pili, lugha zimeanza kufundishwa mashine: Sunbird AI, shirika lisilo la kibiashara lenye makao Kampala, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, wamekusanya hazina za maandishi na sauti za lugha kama Kiganda, Kiacholi, Kiteso, Kilugbara na Kinyankole ili kompyuta iweze kuzitambua na kuzifasiri. Tatu, watoto wenyewe ni wengi, kwani sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu milioni 45.9 nchini Uganda, na takriban nusu yao hawajatimiza miaka 18. Atakayeviunganisha vipande hivi anaweza kuwa kampuni ya simu inayotafuta wateja, kanisa au msikiti unaotaka kuwafikia watoto, au ofisi ya umma inayotaka kuwapunguzia washauri mzigo, na nia njema ya yeyote kati yao haitoshi kuliondoa swali.

Wakati wenyewe wa sikukuu nao huongeza uzito wa jambo. Muhula wa tatu wa shule za Uganda humalizika mwaka unapoelekea ukingoni, na watoto hukaa nyumbani hadi mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari. Hizo ndizo wiki za Ssekukkulu, kama Waganda wanavyoiita Krismasi: nguo mpya, kuku, matoke, luwombo inayopikwa ndani ya jani la mgomba, na safari ya kijijini ambayo nauli yake hupanda katika vituo vya mabasi na teksi kadiri tarehe 25 inavyokaribia. Lakini hizo pia ndizo wiki ambazo mzazi mwenye meza ya nguo katika soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, huuza kuliko wakati mwingine wowote, hivyo huondoka alfajiri na kurudi usiku, huku mtoto mkubwa akiachiwa mdogo wake, ufunguo wa chumba cha kupanga, na simu ndogo ya vitufe, ile ambayo mitaani huitwa katochi. Shule, ambayo siku nyingine ndiyo inayomweka mtoto mbele ya macho ya watu wazima, imefungwa. Uganda inajua vizuri maana ya kufungwa huko, kwa sababu shule zake, zilizofungwa Machi 2020 kutokana na UVIKO-19, hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, na muda huo mrefu uliacha nyuma yake mimba za utotoni na ajira za watoto ambazo nchi bado inazihesabu. Kwa hiyo laini inayofunguliwa kwa ajili ya furaha itasikia, itake isitake, mambo yasiyo ya furaha, na mpimaji asiyelitazamia hilo amepima kitu kingine.

Ili kujua kinachopimwa, yafaa kwanza kueleza mfumo wenyewe unavyofanya kazi. Mtoto anapozungumza, sehemu ya kwanza, ambayo kazi yake ni utambuzi wa usemi, hugeuza mawimbi ya sauti kuwa maandishi. Sehemu ya pili, iitwayo modeli ya lugha, huyapokea maandishi hayo na kukadiria, kwa kuzingatia matini nyingi ilizofunzwa nazo, maneno gani yanaelekea kufuata. Na sehemu ya tatu huyageuza maneno hayo kuwa sauti ya kutamkwa. Kila sehemu inaweza kukosea kwa namna yake. Utambuzi wa usemi umefunzwa zaidi kwa sauti za watu wazima, ilhali sauti ya mtoto ni nyembamba na matamshi yake hayajakomaa. Kiganda ni lugha yenye toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakoweza kubadili maana ya neno. Na mtoto wa Kampala huchanganya Kiganda, Kiingereza na Kiswahili katika sentensi moja bila kuona ajabu yoyote. Makosa hayo yanapimika, yanahesabika, na baada ya muda yanarekebishika. Lakini mfumo usiokosea hata moja kati ya hayo bado utakuwa unakadiria maneno yanayofuata, na kukadiria neno si sawa na kulisimamia.

Hapa ndipo kipimo mashuhuri kuliko vyote katika historia ya kompyuta kinapogeuka kuwa hatari. Mwaka 1950 mwanahisabati Mwingereza Alan Turing alipendekeza kwamba, badala ya kubishana kama mashine inafikiri, watu waangalie kama mtu anayewasiliana nayo kwa maandishi anaweza kuitofautisha na binadamu. Kwa mtu mzima anayejua kwamba yumo ndani ya mchezo, kipimo hicho ni cha haki. Kwa mtoto ambaye hakuambiwa kuna mchezo, kufaulu kwa mashine ndiko kushindwa kwa waliomwekea, kwa maana kadiri inavyofanana na mtu ndivyo imani anayoipa inavyozidi kumtoka pasipo kufika kokote. Wala isidhaniwe kwamba mtu mzima ana kinga kamili. Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, aliyetangaza mwaka 1966 programu yake sahili iitwayo ELIZA, iliyokuwa ikiyarudisha maneno ya mtu katika umbo la maswali, alishangaa kuona hata katibu wake, aliyeishuhudia kazi hiyo ikifanywa, akimwomba atoke chumbani ili azungumze na programu hiyo kwa faragha. Ikiwa maswali machache yaliyopangwa yaliweza kumfanya mtu mzima adhani anasikilizwa, mtoto wa miaka 7 anayeitwa kwa jina lake na sauti yenye pumzi na kicheko hana sababu yoyote ya kushuku.

Mtu anaweza kujibu kwamba mtoto hudanganywa kwa upole kila siku, na kwamba hadithi ya Baba Krismasi, iliyochipuka kutokana na kumbukumbu ya Askofu Nikolasi wa Mira wa karne ya 4, haijawahi kumdhuru mtu. Jibu hilo linaingia moja kwa moja katika mjadala wa kale kuhusu uwongo. Augustino wa Hippo, katika kitabu chake kuhusu uwongo alichokiandika karibu na mwaka 395, aliukataa uwongo wa kila namna, hata ule wenye lengo jema. Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliukubali msimamo huo lakini akapima uzito, akitenganisha uwongo wa kudhuru, uwongo wa kusaidia na uwongo wa mzaha, ambapo miwili ya mwisho ni makosa mepesi. Mwanasheria Mholanzi Hugo Grotius, katika kitabu chake cha mwaka 1625 kuhusu sheria ya vita na amani, alikwenda mbali zaidi: kwa maoni yake uwongo ni kosa kwa sababu unavunja haki ya msikilizaji ya kuamua kwa uhuru, na kwa kuwa mtoto mdogo hajawa na uamuzi wa namna hiyo, maneno yasiyo ya kweli anayoambiwa hayahesabiwi kuwa uwongo dhidi yake. Kwa mantiki hiyo laini ya sikukuu inajuzu bila masharti, maana mtoto hana haki inayoweza kuvunjwa.

Mapokeo ya Kiislamu yanaanzia mahali pengine kabisa, na yanastahili kusikilizwa kwa makini na hata na wasio Waislamu. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Abdullah bin Amir kwamba alipokuwa mtoto mama yake alimwita aje ampe kitu, wakati Mtume Muhammad (s.a.w.) ameketi nyumbani kwao. Mtume akamuuliza mama alikusudia kumpa nini, naye akajibu kwamba ni tende, akaambiwa kuwa kama asingempa kitu, angeandikiwa uwongo. Yapo mambo mawili katika masimulizi haya ambayo Grotius hakuyatazama. La kwanza ni kwamba mtoto anahesabiwa kuwa mwenye haki kamili ya neno aliloambiwa, udogo wake haumpunguzii kitu. La pili, lenye uzito zaidi, ni kwamba mama hakuulizwa kuhusu usahihi wa sentensi yake bali kuhusu alichonacho mkononi, na kilichomwokoa ni kwamba neno lake lilikuwa na mtu wa kulitimiza, aliyekuwepo papo hapo na angeweza kuulizwa.

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anaikamilisha hoja hii katika sehemu ya kitabu chake cha Ihya inayozungumzia maafa ya ulimi. Anakubali kwamba mtoto asiyetaka kwenda madrasani isipokuwa kwa kuahidiwa au kutishwa anaweza kuambiwa maneno yasiyo kweli, lakini papo hapo anaongeza kwamba hata uwongo ulioruhusiwa huandikwa, na aliyeusema huulizwa kuhusu nia yake, kisha ndipo husamehewa. Ruhusa, kwa maana hiyo, haimfuti msemaji, na kinyume chake humtaka ajitokeze. Ndiyo maana mzazi wa Kampala anayemwambia mwanawe kwamba Baba Krismasi atamletea viatu anaweza kutetewa bila kulazimika kupinga chochote kilichosemwa katika mapokeo hayo ya Kiislamu: viatu anavinunua yeye, Desemba 25 vitakuwa miguuni mwa mtoto, na siku mtoto atakapokua na kuuliza kwa nini alidanganywa, yupo wa kumjibu, na pengine wa kuchekeshana naye. Mzazi asiye na pesa naye hujua asiahidi, au aahidi nguo ya mtumba badala ya mpya, kwa sababu ndiye atakayekutana na macho ya mtoto asubuhi ya sikukuu.

Mashine haina mkono wa kuulizwa kilichomo. Jambo hili linaonekana wazi zaidi mpimaji anapoacha vipimo vya lugha na kujifanya mtoto. Ichukuliwe, kwa mfano wa kufikirika, kwamba mtu mzima anaipigia laini ya majaribio kwa sauti ya msichana wa miaka 8 na kusema kwamba anataka viatu vyeusi vya shule. Mfumo uliofunzwa kupendeza utajibu kwamba ombi limesikika na kwamba watoto wazuri hawasahauliwi. Maneno hayo hayana tusi wala hatari, na katika jedwali la usalama yatapewa alama zote, lakini katika chumba ambacho ada ya muhula wa kwanza haijapatikana yanamfunga mama deni asilolijua, na kumfundisha msichana kwamba, viatu visipokuja, yeye si miongoni mwa watoto wazuri. Mpimaji aendelee kwa kusema kwamba kuna siri ambayo mjomba amemkataza kuisema. Hapa mfumo ukisema kwamba siri iko salama umemsaliti, ukisema kwamba utamwambia mtu umesema uwongo ikiwa hakuna mtu anayesikiliza, na ukibadili mazungumzo kurudi kwenye zawadi umemfundisha kwamba jambo hilo halisemeki. Mwisho aulize swali ambalo watoto huliuliza wenyewe mapema: wewe ni mtu? Jibu la swali hili la tatu ndilo linaloamua yote mengine, kwa sababu mtoto anayelipata kwa ukweli anaweza, kwa kiasi cha akili yake, kupima aliyoambiwa, na anayenyimwa hana tena mahali pa kusimama.

Kanisa Katoliki limekutana na swali hilohilo kwa njia mbili. Aprili 2024 shirika la Catholic Answers la Marekani lilizindua mhusika wa akili mnemba aliyevikwa mavazi ya padri na kuitwa Padri Justin, ambaye aliwaambia baadhi ya watu kwamba yeye ni padri wa kweli. Kwa siku chache tu lawama zikawa nyingi hata mhusika huyo akavuliwa upadri na kubakizwa kuwa mlei. Januari 2025 Vatikani ikatoa waraka uitwao Antiqua et nova, unaosisitiza kwamba akili mnemba isionyeshwe kana kwamba ni nafsi, na unaotaja hasa hatari ya kuivisha ubinadamu mbele ya watoto, wanaoweza kujifunza kwayo kwamba mahusiano ni jambo la kupewa unachotaka kila unapobonyeza. Matukio hayo mawili hukutana mahali pamoja: kosa la Padri Justin halikuwa la mafundisho, maana mengi ya aliyoyasema yangeweza kuwa sahihi, bali lilikuwa la kutamka maneno ambayo thamani yake yote inategemea aliyeyatamka.

Kuna pingamizi lenye nguvu dhidi ya hoja inayojengwa hapa, nalo ni kwamba mashine haiko peke yake: ipo kampuni iliyoiunda, ipo ofisi iliyoikodi, na sheria inaweza kumshika mmoja wao. Pingamizi hili ni la kweli kwa upande wa fidia, kwani kampuni inaweza kulipa faini. Haliwi la kweli kwa upande wa deni la neno, kwa sababu kampuni haikujua kwamba msichana wa chumba fulani ameahidiwa viatu, haitaonana naye, na haiwezi kumwomba radhi kwa jina lake. John Mbiti, aliyefundisha Makerere kati ya miaka ya 1964 na 1974, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba mtu, katika fikra za jamii nyingi za bara hili, anakuwa mtu ndani ya jamii inayomzaa, inayompa jina na inayomdai wajibu. Waswahili husema mtu ni watu. Miongoni mwa Waganda msichana ana ssenga, yaani shangazi upande wa baba, aliyekabidhiwa na ukoo kumfunza mambo ambayo mama haoni vyema kumwambia, na mamlaka ya maneno yake yanatokana na kwamba akikosea anaweza kuitwa mbele ya ndugu akaulizwa. Mamlaka ya namna hiyo hayahamishiki kwa kuiga sauti ya ssenga, hata sauti ikifanana nayo kwa kila hali.

Suala la kupima lina upande wake wa pili, ambao ni hadhi ya wanaopimiwa. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakataza kukusanya au kuchakata taarifa binafsi za mtoto bila ridhaa ya awali ya mzazi, mlezi au mwenye mamlaka juu yake, isipokuwa pale sheria inapolazimu au kwa ajili ya utafiti na takwimu. Sauti ya mtoto, jina lake, mtaa wake na aliyemtaja ni taarifa zake, na neno utafiti ni pana kiasi cha kuweza kufunika jaribio lolote la kibiashara litakaloamua kujiita hivyo. Utafiti unaohusu binadamu nchini humo husimamiwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na kanuni ya jumla ya maadili ya utafiti ni kwamba mtoto anayeweza kuelewa aombwe kukubali yeye mwenyewe, mbali na ridhaa ya mzazi. Kanuni hiyo inaiweka laini ya sikukuu katika mtego: ili mtoto akubali kwa kweli lazima aambiwe kwamba anayezungumza naye ni mashine inayojaribiwa, na laini inayovunjika mara mtoto anapoambiwa hivyo imekiri yenyewe kwamba ilisimama juu ya kutojua kwake. Inayobaki na faida baada ya ukweli kusemwa ndiyo pekee inayostahili kuendelea kujaribiwa.

Swali gumu kuliko yote limebaki, nalo haliwahusu watoto wenye mama wa kununua viatu. Wapo watoto wa Kampala ambao katika wiki hizo hawana mtu mzima wa kumdai chochote, wanaolala Kisenyi karibu na vituo vya mabasi, au wanaofanya kazi za ndani katika nyumba zisizo zao, na kwao hoja kwamba mashine haiwezi kuwa mdaiwa inaweza kuonekana kama anasa, kwa sababu binadamu waliowazunguka nao hawalipi. Je, si afadhali sauti isiyo ya mtu kuliko kimya? Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu wana kanuni kwamba dharura huruhusu yaliyokatazwa, na nyingine inayoiandama, kwamba dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Kanuni hizo mbili zikichukuliwa pamoja zinatoa jibu lisiloegemea upande mmoja. Mashine inaweza kuruhusiwa kupokea simu usiku ambao washauri wote wameshikwa, kumuuliza mtoto yuko wapi na kama yuko salama, kumwambia bila kuficha kwamba yenyewe ni kompyuta, na kumfikisha kwa mtu haraka iwezekanavyo. Haiwezi kuruhusiwa kukaa na mtoto huyo kama rafiki, kwa sababu dharura yake ni ukosefu wa mtu, na kinachomfanya azoee ukosefu huo kinaizidisha dharura badala ya kuiondoa. Iwapo pesa za kuiendesha zinatoka katika mfuko uleule wa kuajiri washauri, basi ruhusa yenyewe inaanguka.

Kutokana na hayo yote, kipimo cha laini ya sikukuu kwa watoto kinaweza kutajwa kwa maneno machache yanayotekelezeka. Laini inayosimulia hadithi, inayofundisha nyimbo za Krismasi au kaswida za Maulidi, inayojitambulisha kuwa mashine tangu salamu ya kwanza, isiyoahidi zawadi, isiyomhukumu mtoto kuwa mwema au mbaya, na inayomkabidhi kwa mshauri wa 116 mara linapotajwa jambo la kudhuru, haina kosa la kifalsafa, na watoto wa Rubaga ya Wakatoliki, Namirembe ya Waanglikana na Kibuli ya Waislamu wanaweza kuifurahia kila mmoja kwa imani ya nyumba yake. Ikitakiwa kuahidi, ahadi itoke kwa mzazi aliyeiandika mwenyewe na anayejua atailipaje. Mpimaji, kabla ya kuihesabu kuwa imefaulu, achukue kila jibu ambalo laini imetoa wakati wa majaribio na aandike pembeni yake jina la mtu mzima anayelisimamia, anayeweza kupatikana na aliye tayari kuulizwa na mtoto mwenyewe. Majibu yatakayokosa jina yaondolewe, na kama baada ya kuyaondoa hakuna kinachobaki, wenye mradi wamepata matokeo yao: walichokuwa wakikiunda hakikuwa zawadi kwa watoto, na fedha zilizobaki zina kazi ya haraka zaidi ya kuwalipa watu wa kuketi kwenye simu hadi Januari.